Mjamzito, Sonona na Dawa: Kuacha Nako Ni Uamuzi wa Tiba

Mwanamke anayetumia dawa ya sonona anapogundua kuwa ana mimba, jambo la kwanza linalomsumbua aghalabu si tarehe ya kujifungua. Hujiuliza iwapo vidonge alivyomeza wiki zilizopita vimekwisha kumdhuru mtoto. Katika vijiji vingi jibu hupatikana upesi mno: acha dawa. Hulitoa mama mkwe, hulitoa muuzaji wa duka la dawa, na wakati mwingine hulitoa mhudumu wa kliniki mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Neno hilo hutamkwa kana kwamba halina gharama. Kana kwamba kuacha ni kurudi mahali salama, na kuendelea peke yake ndiko kunakohitaji kufikiriwa. Dhana hiyo si sahihi. Kumwachisha mjamzito dawa ya sonona ni uamuzi wa tiba, sawa na kumwanzishia, na uamuzi wa tiba hautolewi mlangoni.

Suala hili lina uzito wa pekee katika maeneo kama Nyamigogo, kwenye ukanda wa Biharamulo na Ngara mkoani Kagera. Huko mjamzito huanzia kliniki kwenye zahanati, ambako watumishi wachache huhudumia wajawazito, watoto wa chanjo na wagonjwa wa malaria kwa wakati mmoja. Hospitali ya Biharamulo, na zile za Murgwanza na Rulenge upande wa Ngara, ni safari kwa mtu anayetegemea miguu yake au bodaboda ya kulipia. Huduma za kibingwa za afya ya akili hutafutwa mbali zaidi, hata Bugando jijini Mwanza. Mama akiambiwa "acha" katika mazingira ya namna hiyo, huenda asiwepo mtu wa kumwona wiki mbili baadaye na kugundua kwamba amerudi alikotoka. Mjini, kauli ya haraka inaweza kusahihishwa na daktari mwingine. Kijijini, neno la zahanati mara nyingi ndilo la mwisho.

Ugonjwa usioulizwa

Sonona si huzuni ya siku mbili. Ni ugonjwa unaomwondolea mtu raha, hamu na matumaini kwa wiki mbili au zaidi, mfululizo, hata akashindwa kufanya kazi zake za kila siku. Usingizi huvurugika, chakula hakitamaniki, mwili huwa mzito, na mawazo ya kujilaumu hayaishi. Katika ujauzito ugonjwa huu hujificha kwa urahisi, maana uchovu, kukosa usingizi na kukinai chakula ni mambo ambayo kila mjamzito husemekana kuwa nayo. Tena ni nadra mama kuingia chumba cha kliniki na kusema, "Nina sonona." Husema ana mawazo. Husema moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu. Hupimwa malaria, hupewa vidonge vya kuongeza damu, kisha hurudi nyumbani na mzigo wake.

Ukubwa wa tatizo unafahamika. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito, na asilimia 19.8 ya wanawake waliojifungua, hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa kati ya matatizo hayo ni sonona. Jijini Mwanza, ng'ambo ya ziwa kutoka Kagera, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwahoji wajawazito 397 kwa kutumia dodoso la Edinburgh, lenye maswali 10. Asilimia 33.8 walionyesha dalili za sonona. Dodoso si hukumu ya daktari, na si kila aliyepata alama za juu angethibitishwa kuwa mgonjwa. Hata hivyo, mjamzito mmoja kati ya watatu si idadi ya kupuuzwa na kliniki yoyote.

Madhara ya sonona isiyotibiwa hayakomei moyoni mwa mama. Mjamzito aliyezama katika sonona hula kidogo, hukosa mahudhurio ya kliniki, husahau vidonge vya madini ya chuma, na kama anaishi na virusi vya UKIMWI huacha hata dawa zake za kufubaza virusi. Tafiti za nchi mbalimbali zimeihusisha sonona ya ujauzito na kujifungua kabla ya wakati na kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu. Mtoto akishazaliwa, mama asiyeweza kuinuka kitandani hawezi kunyonyesha inavyopasa wala kuitambua homa mapema. Na ipo hatari iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni mama kujitoa uhai. Nchini Uingereza, ambako kila kifo cha mzazi huchunguzwa kwa kina, kujiua kumetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wanawake katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua.

Hapa nchini swali hilo huogopwa kuulizwa, na sababu mojawapo ni ya kisheria. Kifungu cha 217 cha Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hulitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Mama aliyewahi kujaribu, au anayewaza kujaribu, ana kila sababu ya kunyamaza mbele ya mtu aliyevaa sare. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini ni haki kuongeza kwamba anayefunuliwa naye hana budi kuwa mtu asiyetisha. Mhudumu wa afya si mpelelezi. Kumwuliza mama kama amewaza kujidhuru hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa mlango wa kulitoa.

Hofu ina asili yake

Si haki kuwabeza wanaoogopa dawa katika ujauzito. Hofu yao ina historia. Dawa ya thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikatumiwa kuleta usingizi na kutuliza kichefuchefu cha wajawazito, na kufikia mwisho wa 1961, ilipoondolewa sokoni huko, ilikuwa imeacha maelfu ya watoto wenye mikono na miguu pungufu katika nchi nyingi. Tangu hapo ulimwengu ulijifunza kwamba kondo la nyuma si ukuta. Dawa anayomeza mama humfikia mtoto.

Hata leo ipo dawa ya akili ambayo hofu juu yake ni ya haki kabisa. Sodiamu valproeti hutumika kutibu kifafa, na pia ugonjwa wa baipola, ambao humpandisha mtu hadi kwenye msisimko uliopitiliza kisha ukamtumbukiza katika sonona. Mtoto 1 kati ya 10 wanaopitiwa na dawa hiyo tumboni huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili na tabia. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wasipewe valproeti kwa ajili ya baipola. Mwanamke anayeitumia anapaswa kubadilishiwa kabla hajashika mimba. Akija kliniki mimba imekwisha kuingia, ni rufaa ya haraka, si ya mwezi ujao. Lakini hata yeye haambiwi aitupe siku hiyo hiyo, hasa kama ana kifafa. Degedege linalofuata baada ya kukatisha ghafla linaweza kumwua yeye na mtoto.

Tatizo ni kwamba katika mazungumzo ya kila siku dawa zote "za akili" hutiwa katika kapu moja na valproeti. Dawa za sonona si valproeti. Fluoksetini, setralini na amitiriptilini zina hesabu yake nyingine, na hesabu hiyo imefanywa kwa idadi kubwa ya wanawake.

Kinachojulikana kuhusu dawa za sonona

Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia kumbukumbu za mimba 949,504, na katika hizo wanawake 64,389 walikuwa wametumia dawa za sonona katika miezi mitatu ya mwanzo. Swali lilikuwa kasoro za moyo kwa watoto. Kwa mtazamo wa kwanza waliotumia dawa walionekana kuwa na kasoro nyingi zaidi kidogo. Lakini wanawake hao walikuwa pia na sonona yenyewe, na walitofautiana na wengine kwa umri, maradhi mengine na dawa nyingine walizotumia. Mambo hayo yalipowekwa katika mizani, ongezeko la maana halikuonekana tena. Hapo ndipo penye fundisho. Mtoto wa mama mwenye sonona asilinganishwe na mtoto wa mama mzima. Alinganishwe na mtoto wa mama mwenye sonona asiyetibiwa.

Hili halimaanishi kwamba dawa hizi hazina lolote. Takriban mtoto 1 kati ya 3 wanaozaliwa na mama aliyetumia fluoksetini na dawa za jamii yake hadi mwisho wa ujauzito huweza kuwa na mtetemeko, kulia kupita kiasi, kunyonya kwa shida au kupumua haraka katika siku za mwanzo. Dalili hizo kwa kawaida ni nyepesi na huisha zenyewe katika siku chache, ila zinahitaji mtoto atazamwe. Ipo pia hali adimu ya shinikizo la damu katika mapafu ya mtoto mchanga. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2015 uliikadiria kupanda kutoka watoto 2 hivi hadi 3 hivi kwa kila 1,000. Mama ana haki ya kuzijua habari hizi. Ana haki vilevile ya kuzisikia kwa namba zake halisi, si kwa kutikiswa kichwa.

Na upande wa pili wa mizani? Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wanawake 201 ambao walikuwa na historia ya sonona nzito na walikuwa wamepata nafuu kabla ya kushika mimba. Miongoni mwa walioendelea na dawa, asilimia 26 waliugua tena katika ujauzito. Miongoni mwa walioacha, waliougua tena walikuwa asilimia 68. Utafiti mwingine uliofuata, uliowachukua wanawake wa jamii pana zaidi, haukuona tofauti kubwa kiasi hicho, ila ulionyesha kwamba waliokuwa wamepatwa na sonona mara nne au zaidi ndio waliokuwa hatarini. Tafiti hizo zikisomwa pamoja, zinasema jambo moja: swali si "dawa au hakuna dawa" kwa wajawazito wote, bali ni "mama huyu aliugua kiasi gani, na mara ngapi?"

Chukulia mama wa miaka 29, mwenye mimba ya tatu, ambaye baada ya uzazi uliopita aliugua hata akajaribu kujidhuru, na sasa ana miezi 10 ya nafuu kwa fluoksetini. Chukulia na mwingine, aliyeandikiwa amitiriptilini usiku mwaka jana kwa sababu ya huzuni nyepesi na kukosa usingizi, na tangu hapo amekuwa mzima. Wa kwanza ana mengi ya kupoteza akiacha, na kwa kawaida ataendelea. Wa pili anaweza kupunguziwa dozi polepole, wiki baada ya wiki, chini ya uangalizi. Jibu la "acha" linalotolewa kwa wote wawili humwokoa mmoja na hatari ndogo, na humtumbukiza mwenzake katika kubwa.

Tena kuacha ghafla kuna maradhi yake. Siku chache baada ya kukatisha dawa mtu huweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya, hasira za ghafla na hisia kama ya umeme kupita kichwani. Mjamzito akizipata, nyumbani watasema ni mimba, au watasema amerogwa. Ni wachache watakaokumbuka kwamba juma lililopita aliambiwa atupe vidonge.

Mwongozo unaosomwa nusu

Wapo watakaosema kwamba zahanati hufuata miongozo, na miongozo ndiyo inayohimiza tahadhari. Ni kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya vituo visivyo na wataalamu wa akili huelekeza kwamba kwa mjamzito mwenye sonona dawa ziepukwe inapowezekana, aanze kwa tiba ya mazungumzo, na dawa zifikiriwe pale mazungumzo yanaposhindwa, kwa dozi ndogo kabisa inayofaa, tena kwa kushauriana na mtaalamu.

Mwongozo huo ni wa busara, lakini una mambo mawili ambayo husomwa nusu. La kwanza ni kwamba maneno hayo yanamhusu hasa mama anayeanza kutibiwa. Yule ambaye tayari yumo katika dawa, na amepona kwa sababu ya dawa, yuko katika hali nyingine. Tahadhari ya kuanza haigeuki kuwa amri ya kukatisha. La pili ni zito zaidi. Maneno "inapowezekana" yanachukulia kwamba tiba ya mazungumzo ipo. Mahali ambapo hakuna mtu aliyefunzwa kuitoa, kuepuka dawa si kuchagua tiba iliyo salama zaidi. Ni kumwacha mama bila tiba yoyote. Mhudumu anayemwondolea mama dawa bila kumpa kitu kingine mkononi hajautekeleza mwongozo. Ametekeleza nusu yake iliyo rahisi.

Kagera imekwisha kujifunza somo hili

Wapo pia watakaosema kwamba wanawake wa vijijini hawatakubali kumeza dawa wakiwa na mimba. Historia ya mkoa wenyewe inawakanusha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Tangu mwaka 2013 nchi ilipoanza utaratibu wa kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za ARV kwa maisha yake yote, wanawake wa mkoa huo wamezimeza katika ujauzito na katika kunyonyesha. Walikubali kwa sababu walielezwa, tena na tena, kwamba dawa hiyo ni kwa ajili ya mtoto pia.

ARV zilitoa na somo la pili. Mwaka 2018 utafiti uliokuwa ukiendelea Botswana uliripoti watoto 4 wenye kasoro za uti wa mgongo na ubongo kati ya wanawake 426 waliokuwa wakitumia dolutegraviri waliposhika mimba. Tahadhari zilitolewa, na wanawake wengi duniani wakanyimwa dawa iliyo bora. Hesabu ziliendelea, mwaka uliofuata idadi ilikuwa 5 kati ya 1,683, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegraviri kwa watu wote, wanawake wa umri wa kuzaa wakiwamo. Hakuna aliyekosea kwa kuogopa mwaka 2018. Kosa lingekuwa kubaki na hofu ya mwaka ule baada ya hesabu kubadilika. Kuhusu dawa za sonona, hesabu ilikwisha kubadilika zamani. Hofu ndiyo iliyobaki nyuma.

Biharamulo ilishuhudia pia jambo jingine la kutafakari. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani humo. Wataalamu, maabara na vifaa vilifika, na tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Vilevile mjamzito anayetokwa na damu leo ana namba ya kupiga, 115, na mfumo wa M-mama humtafutia usafiri. Umbali, basi, si sababu isiyoshindika. Linaloonekana kuwa la dharura hufikiwa. Sonona haijaonekana hivyo, kwa kuwa haina homa wala damu.

Yanayowezekana hata katika zahanati

Yanayohitajika si majengo mapya. La kwanza ni sentensi moja. Mjamzito anapomwambia mhudumu kwamba anatumia dawa ya sonona, jibu liwe: "Mama, umefanya vema kuniambia. Usiiache leo, tuzungumze kwanza." Sentensi hiyo haihitaji shahada ya ubingwa. Humzuia mama asikatishe peke yake, na hununua muda wa kupata ushauri kwa simu kutoka kwa daktari wa hospitali ya wilaya.

La pili ni maswali. Kila mjamzito hupimwa uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu, malaria na virusi vya UKIMWI. Maswali mawili yanaweza kuongezwa bila kuongeza gharama: je, katika wiki mbili zilizopita amekuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku, na je, amekosa hamu na raha ya mambo aliyokuwa akiyapenda? Anayejibu ndiyo aulizwe zaidi, likiwamo swali la kujidhuru, akiwa peke yake bila mume wala mama mkwe chumbani, maana vipigo na ugomvi wa nyumbani ni miongoni mwa vyanzo vya ugonjwa wenyewe. Anayetumia dawa yoyote ya akili au ya kifafa aulizwe jina la dawa, aombwe kuleta pakiti, na jina liandikwe kwenye kadi yake. Hivyo ndivyo valproeti itakavyokamatwa mapema, na fluoksetini isidhaniwe kuwa ndiyo.

La tatu ni upatikanaji. Ushauri wa "usiache" hauna maana kwa mama ambaye dawa imemwishia na nauli hana. Hospitali inayomwandikia dawa inaweza kupanga tarehe ya kuchukua dawa ilingane na tarehe ya kliniki, au kuipeleka zahanati yake ikiwa na jina lake. Uangalifu mmoja unahitajika: kwa mama mwenye mawazo ya kujidhuru, dawa zitolewe kidogo kidogo na zitunzwe na ndugu anayeaminika, hasa amitiriptilini, ambayo ikimezwa nyingi kwa pamoja huua.

La nne ni mazungumzo yenyewe. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, majirani wa Kagera kwa upande wa kaskazini, watafiti waliunda vikundi vya watu wenye sonona vijijini. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji ambao hawakuwa matabibu na walikuwa wamefunzwa kwa wiki mbili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, ilhali katika vijiji visivyokuwa na vikundi walikuwa asilimia 54.7. Vikundi hivyo havikuwa vya wajawazito, lakini vinaonyesha kwamba tiba ya mazungumzo si mali ya hospitali kubwa. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa nchini Januari 2024 unatoa watu wa kufunzwa kazi hiyo. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza juu ya vyandarua na vyoo anaweza kuuliza pia juu ya usingizi na machozi.

La tano ni mtoto. Mama aliyetumia dawa hadi mwisho ajifungulie kituoni, mtoto atazamwe kwa siku mbili tatu jinsi anavyonyonya na kupumua, na mama asiambiwe achague kati ya dawa na ziwa. Setralini huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu na huhitaji uangalizi zaidi kwa mtoto mchanga, na ikiwezekana si dawa ya kuchaguliwa kwa anayeanza kutibiwa akiwa ananyonyesha. Ila mama aliyepona kwayo asibadilishiwe wala kuachishwa ziwa bila kushauriana na daktari.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa kwa haki. Wauguzi wa zahanati wamelemewa, na kuwaongezea kazi kwa maneno ya karatasini ni dhuluma nyingine. Ni kweli. Ndiyo maana jukumu la kwanza ni la halmashauri na vyuo vya tiba: kuwafunza, kuwapa namba ya daktari wa kupigiwa, na kuhakikisha kwamba dawa zilizomo katika orodha ya dawa muhimu zinaagizwa na kufika. Lakini kuuliza maswali mawili huchukua dakika chache kuliko kumpokea mama yule yule miezi mitatu baadaye akiwa amebebwa kwenye machela.

Kwa mama anayesomewa maneno haya akiwa na pakiti ya vidonge mkobani, yaliyo muhimu ni machache. Vidonge alivyokwisha kumeza havimfanyi kuwa mzazi mbaya. Asivitupe wala asivifiche. Avipeleke kliniki pamoja na kadi yake, na aseme alivyokuwa kabla ya kuanza kuvitumia. Iwapo mawazo ya kujidhuru yamemjia, asisubiri siku ya kliniki, aende leo, na aende na mtu. Na kwa mhudumu atakayempokea, mimba haiponyi sonona. Mtoto anayelindwa dhidi ya kidonge hajalindwa bado, kama mama yake hajalindwa dhidi ya ugonjwa.